Hakuna Aliyekufa, Nilikuwa Nimepanda Baiskeli

Tangu nirudi siwezi kununua nyanya kwa amani. Muuza nyanya anataka kusikia habari ya baiskeli, mnunuzi wa pembeni anataka irudiwe kuanzia mwanzo, na juzi mama mmoja aliyevuka kutoka Bukavu na vitenge vyake alinisimulia mimi mwenyewe safari yangu, ambamo niligongwa na lori na nyani wakanipokonya kofia. Lori halikuwepo. Nyani wako kwenye barabara nyingine. Basi naandika mara moja, na atakayeniuliza tena atapewa karatasi hizi asome, mimi niendelee kuchagua nyanya.

Pazia

Kwa wale wasionijua: mimi ni mshonaji wa Kamembe, mjane, mama wa mtoto mmoja ambaye Mungu alimpa akili nyingi na gari. Anaitwa Yusufu. Anaishi Kigali na mkewe Zaina, mwalimu. Siku moja nilipanda kiti nitundike pazia, nikaanguka. Niliumia kiuno kidogo, nikainuka, nikamalizia pazia. Lakini kati ya Kamembe na Kigali kuna milima mingi, na habari ikipanda milima hunenepa. Ilipomfikia Yusufu sikuwa nimeanguka kutoka kwenye kiti tena. Nilikuwa nimeanguka, basi, kama inavyosemwa kwa wazee.

Wiki haikuisha, chumba kikawa tayari Kigali. Kitanda kifupi ili nisianguke kutoka mbali, televisheni kubwa, dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na msichana wa kunishika mkono niendapo msalani.

"Maman, utapumuzika," aliniambia kwenye simu.

Nilimuuliza nitapumzika mpaka lini. Hapo mtandao ukawa mbaya ghafla.

Kitu asichokijua ni kwamba ndani ya chumba changu cha kushonea, nyuma ya majora ya vitambaa, palikuwa na baiskeli. Niliipata kwa munyonzi mmoja, hao vijana wanaobeba abiria kwa baiskeli, aliyekuwa anahamia pikipiki. Ilikuja na kofia yake ngumu na kiti cha abiria nyuma. Alfajiri, kabla majirani hawajapata macho ya kutazama, nilikuwa naizungusha mtaani.

Mimi na baiskeli tulikuwa tumeachana mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto, naiba baiskeli ya baba wakati amelala, napitisha mguu ndani ya fremu chini ya bomba kwa sababu juu sikufika, naendesha mwili ukiwa kombo. Kisha nikaota matiti, na bibi yangu akatangaza kwamba mwanamke wa baiskeli haolewi. Niliolewa hata hivyo, na mume wangu, fundi cherehani, Mungu amrehemu, alikuwa na baiskeli ya kufuata mchele Bugarama. Alikuwa mtu wa kuchoka mapema. Nikawa naenda mimi, napita Nzahaha jua halijawa kali, na watu wakikubaliana kwamba nimerogwa. Hiyo nayo ikaisha nilipobeba mimba ya Yusufu. Kwa hiyo mtoto huyu amekuwa akinishusha kwenye baiskeli tangu kabla hajazaliwa.

Nilipomwambia kwamba mtu anayeweza kuendesha baiskeli hahitaji kushikwa mkono kwenda msalani, alicheka sana.

"Maman, pazia tu ilikushinda. Utaendesha mupaka wapi?"

"Kibuye."

Akacheka zaidi. Anayejua barabara ile ya kando ya ziwa anajua kwamba aliyeichora hakupenda mstari ulionyooka, wala ulio sawa.

"Ukifika Kibuye na miguu yako," akasema, "ukae Kamembe mupaka Kiyama, sitasema tena kitu. Lakini hakuna gari, hakuna moto, na muntu asiguse ile kinga. Na ukishindwa, unakuya Kigali bila maneno."

Kinga ndiyo baiskeli kwetu, na moto ni pikipiki. Nilimwita jirani aje asikie kwenye simu, awe shahidi. Yusufu alidhani tunataniana. Mimi nilikuwa nimeshaweka kamari nyumba yangu, cherehani yangu na mlango ninaoufungua mwenyewe.

Kamembe hadi Giheke

Niliondoka baada ya swala ya alfajiri. Nilivaa suruali chini ya gauni, mtandio, kofia ngumu juu ya mtandio, na fulana ya njano ya kiakisi aliyoacha munyonzi. Nilijiona nimependeza. Jirani yangu alinitazama, akasoma dua ndefu kuliko ile anayosomea maiti, akanipa kifurushi cha sambaza, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga, waliotoka Nkombo asubuhi ile ile. Huyo ndiye shahidi wangu, na mnaona alivyokuwa na imani na mimi.

Magoti yalilalamika mpaka kwenye mlima wa kwanza, halafu yakanyamaza, nadhani kwa mshtuko.

Karibu na Giheke watoto walianza kutokea. Kila mwaka barabara yetu hupitiwa na mashindano ya baiskeli, na watoto wa huku wanajua utaratibu wake kuliko wanavyojua jedwali la kuzidisha: anatangulia mmoja, halafu wanakuja wengi. Basi waliponiona na fulana ya njano, walijipanga pembeni, wakapiga makofi, wakaita mama zao. Mama zao wakaacha majembe.

"Bibi! Bengine bako wapi?" mmoja akauliza.

Nilikuwa napanda. Pumzi ya maelezo sikuwa nayo.

"Banakuya," nikasema. "Niliwaacha nyuma."

Makofi yakaongezeka. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba walisubiri mpaka jua la utosi, na mzee mmoja alikuwa ameleta kiti. Ninaomba radhi kwa watu wa Giheke. Kama bado mko barabarani, nendeni nyumbani.

Giheke hadi Ntendezi

Baada ya Giheke nilisimama kunywa maji na kula sambaza. Nikahisi baiskeli inazama nyuma. Nikageuka. Mama mmoja mnene, mwenye kuku kwapani, alikuwa ameketi kwenye kiti cha abiria, ameshaweka gauni lake vizuri.

"Tuende," akasema.

"Maman, mimi si munyonzi."

Akakitazama kiti alichokalia, akanitazama mimi.

"Na hii kiti ni ya nini?"

Nilijaribu kueleza. Nilisema ninasafiri kwa ajili yangu. Akaniuliza kama ninaenda upande wa Ntendezi. Nikasema ndiyo. Akauliza basi tatizo ni nini. Nilikaa nikitafuta tatizo, sikuliona, tukaenda. Yusufu alisema mtu asiguse baiskeli, lakini kuhusu mtu kukaa juu yake na kuku hakutamka neno.

Naye alikuwa abiria mzoefu. Kwenye kila mlima alishuka mwenyewe bila kuambiwa, kama ilivyo desturi, akatembea kando akinisimulia ugonjwa wa mumewe, na juu kabisa akapanda tena. Kwenye mteremko aliomba Mungu kwa lugha ya Mashi, kwa sauti, sikioni mwangu. Kuku alinyamaza. Nadhani yeye ndiye alikuwa na imani zaidi.

Na hapo kwenye mteremko, kati ya mashamba ya chai, ndipo ilipotokea. Niliachia breki. Upepo ukaingia ndani ya mtandio, macho yakatoka machozi, na nikasikia mtu anacheka kama mwendawazimu, na mtu huyo ni mimi. Nilikuwa nimesahau. Sio kuendesha, kuendesha mwili haukusahau. Nilikuwa nimesahau kwamba furaha inaweza kuja bila kualikwa, bila harusi wala Idi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu mbele ya kuku.

Ntendezi abiria wangu alishuka, akanipa maparachichi mawili, akaniambia nisipende sana mbio na nitafute kiti chenye sponji. Hakuniaga vizuri. Nadhani hakuridhika na huduma.

Ntendezi hadi Tyazo

Ntendezi barabara inagawanyika. Wenye akili wanapinda kulia, wanapanda basi na kulala mpaka Huye. Mimi nilipinda kushoto.

Kuhusu kipande hiki sitasema mengi kwa sababu nilikuwa naangalia chini. Ninaweza kuwaeleza lami yake vizuri sana. Nilisukuma zaidi kuliko nilivyoendesha, na kila niliposukuma alitokea kijana mwenye heshima zake akitaka kunisaidia, nami nikawa namfokea asiguse. Kuna vijana kadhaa Nyamasheke ambao hawatamsaidia tena mtu mzima, na kosa ni langu.

Tyazo nilipata nyumba ya wageni. Msichana wa mapokezi alinipokea vizuri, akatazama baiskeli, akatazama nyuma yangu.

"Na mwenye kinga atafika saa ngapi?"

"Ni mimi."

"Ndiyo, Maman. Lakini mwenye kinga?"

Niliagiza mishikaki ya mbuzi na ndizi. Kwa muda niliosubiri, ninaamini mbuzi alikuwa bado anatafutwa mlimani. Chakula kilipokuja kilikuwa sahani mbili, kubwa na ndogo, kwa sababu jikoni walikuwa wamekubaliana kwamba mwanamume yuko njiani. Nilikula ndogo. Mwanamume alipochelewa, nikala na yake.

Tyazo hadi kwa bamwana

Hapa ninahitaji kuwaeleza watu wa pwani, kama wako wanaosoma, maana ya bamwana. Wazazi wa Zaina na mimi tunaitana hivyo, kwa sababu watoto wetu wameoana. Ni uhusiano wa heshima nzito. Kwa bamwana huendi bila taarifa. Unapiga simu siku kadhaa kabla, unavaa ulichokishona kwa ajili hiyo, unakwenda na wenzako wawili watatu na vikapu, unapokewa na Fanta, na mnasifiana mpaka jioni. Mimi tangu harusi nilikuwa nimekwenda kwao mara chache, na kila mara nikiwa nimepigwa pasi kama pazia.

Nao wanaishi wapi? Kando ya barabara hiyo hiyo, umbali mfupi kabla ya Kibuye. Mpango wangu ulikuwa kupita mbele ya nyumba yao kama mwizi, nimeinamisha kichwa, nikifika Kibuye ndipo niwapigie simu.

Mungu alikuwa na mpango wake. Siku hiyo milima ilikuwa mingine kabisa, na mchana mvua ikaja, sio mvua ya kuuliza. Ilininyeshea mpaka simu mfukoni ikazimika. Tope la magari lilinipaka kuanzia kofia. Breki zikaanza kutoa sauti ya mbuzi. Nilipoona paa la bamwana nilikuwa natetemeka meno, na nikaamua kwamba aibu haijawahi kuua mtu, baridi imeshaua wengi.

Nikabisha hodi.

Aliyefungua ni Mama Zaina. Ni mwanamke mpole, mtaratibu, ambaye hajawahi kunena neno kwa haraka. Alinitazama: suruali, tope, kofia ya munyonzi, peke yangu, bila kikapu, bila taarifa. Akatazama baiskeli. Akashika mlango kwa mikono miwili.

"Karibu, bamwana," akasema kwa sauti ndogo. "Ingia. Usiseme kitu kwanza."

Ninyi mnaosoma labda mmeshaelewa. Huku kwetu mleta habari mbaya haulizwi mlangoni. Anaingizwa, anakaushwa, analishwa, na watu wanamngoja mpaka nguvu za kusema zimrudie. Na kitu gani kingemfanya mama wa mume aje kwa wazazi wa mke namna ile, kama si kifo? Wao walielewa mara moja. Mimi peke yangu sikuelewa, nilikuwa na njaa.

Nilipewa maji ya moto ya kuoga na gauni la Mama Zaina, ambamo tungeingia wawili. Niliketishwa kwenye kiti kikubwa. Televisheni ilizimwa. Mzee wao, Baba Zaina, mtu mrefu wa maneno machache, alitoka nje na simu. Zaina hakupokea, kwa sababu alikuwa darasani na simu iko kwenye mkoba. Yusufu laini yake ilikuwa inatumika, kwa sababu alikuwa ananitafuta mimi. Mzee akarudi ndani, akamtazama mkewe, akatikisa kichwa. Mama Zaina akaingiza ncha ya khanga mdomoni.

Mimi nikaletewa chai ya maziwa. Nikaletewa bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki. Nikasifu samaki.

Kisha majirani wakaanza kuja. Waliingia kimya, wakavua viatu, wakaketi chini kwenye mikeka. Wanaume walibaki barazani. Nje nikasikia mtu anapasua kuni, sufuria kubwa la maharage likaletwa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifikiri wamekuja kumwona mama mtu mzima aliyetoka Kamembe kwa baiskeli. Nilifikiri ni heshima. Nikajiweka sawa kwenye kiti.

"Nitawaeleza yote," nikawaambia. "Muniache nimalize kula."

Mwanamke mmoja karibu na mlango akaanza kulia. Nikajua nimewagusa.

Baba Zaina aliingia, akachuchumaa mbele yangu.

"Maman Yusufu," akasema. "Umekula, umepata moto. Sasa utuambie. Tuko tayari. Ni Zaina ao ni Yusufu?"

"Ni nani wa nini?"

"Mwenye alikufa."

Nilirudisha kipande cha samaki kwenye sahani. Nilitazama mikeka, khanga, nyuso, na nikaona chumba kile kilikuwa nini.

"Hakuna muntu alikufa," nikasema. "Wote bako wazima. Mimi nilikuya na kinga tu."

Mzee akainuka.

"Kama hakuna mwenye alikufa, basi ju ya nini unafanya vile?"

"Natembea," nikasema. "Matembezi."

Sijawahi kusema neno la kijinga kama lile. Mama Zaina aliteleza kutoka kwenye kiti mpaka sakafuni, akalia kwa sauti kilio chote alichokuwa amekizuia tangu mlangoni, kilio cha mama ambaye kwa saa nzima alikuwa amemzika binti yake kichwani. Nilishuka nikamshika. Nililia na mimi. Niliona aibu ambayo sitaki kuionja tena. Halafu mmoja wa wanaume barazani aliuliza kwa sauti kama maharage yaendelee kupikwa au vipi, na Mama Zaina akiwa bado analia akaanza kucheka, na yakaisha hivyo. Yaliendelea kupikwa. Walikuja kwenye msiba, wakala, wakauliza bei za vitambaa Kamembe.

Gari kutoka Kigali

Yaliisha kwetu. Hayakuisha Kigali. Mzee, katika hofu yake, alikuwa ameshatuma ujumbe kwa Zaina: "Mukuye mbio. Mama wa Yusufu iko hapa." Ujumbe mfupi namna hiyo haujawahi kumaanisha kwamba mama anakula samaki. Kabla Mzee hajakumbuka kuwapigia tena, walikuwa milimani ambako mtandao unakuja ukipenda.

Walifika magharibi. Yusufu aliacha mlango wa gari wazi na injini inawaka. Aliingia, akanikuta kwenye mkeka, ndani ya gauni kubwa, nachambua mchele. Alisimama. Akakaa chini palepale, suti na yote, akaweka kichwa magotini mwangu kama alivyokuwa akifanya akiwa na homa. Nilihisi mgongo wake unavyoruka. Sikuwa na dhihaka hata moja ya kumpa.

Dhihaka zilirudi asubuhi, kwa sababu na yeye asubuhi alirudi kuwa Yusufu. Nilimkuta anaipakia baiskeli kwenye gari.

"Imeisha, Maman. Unakuya Kigali."

"Tulipatana Kibuye. Kibuye iko palepale."

"Tulipatana!" akasema. "Maman, jana nilikuzika. Toka Kigali mupaka hapa, nilikuzika njia yote. Unataka nifanye vile mara ngapi?"

Niseme kweli, nilikuwa tayari kuingia. Kiuno kilikuwa kinauma, nilikuwa nimewatia watu kilio, na mtoto wangu alikuwa na macho mekundu. Nilishika mlango wa gari.

Hapo Mama Zaina akatoka. Mjue kwamba tangu harusi mwanamke huyu hakuwahi kumwambia mkwewe neno moja uso kwa uso. Ndiyo heshima: mama mkwe anasema na ukuta, na ukuta unamfikishia. Siku ile alikuja akasimama pembeni ya gari, uso ameugeuzia migomba, akasema kwa sauti ya kusikika.

"Mukwe wangu."

Yusufu aliiacha baiskeli nusu ndani nusu nje, akasimama wima, macho chini.

"Wakati wa ugonjwa wa muguu yangu nilikaa kwenu myezi mingi. Mulinikalisha muzuri. Nilikula muzuri, nililala muzuri. Lakini hakuna siku moja muntu alinituma ata chumvi. Nilikuwa naamuka, nangojea chai. Nikikunywa chai, nangojea chakula. Siku nilirudia hapa, kuku zangu zote zilikuwa zilishakufa na nyumba inanuka, na nililia ju ya furaha. Sikuwaambia, ju mulifanya ile kwa upendo."

Zaina, nyuma yangu, aliweka mkono mdomoni. Hakuwa anajua.

"Ule mama akitaka kufika, umuache afike. Minakuomba."

Sasa, mama mkwe wako anaweza kuomba kitu mara moja katika maisha, na hukatai. Unaweza kumkatalia mama yako mzazi, watu watasema mna maneno ya nyumbani. Mama mkwe hukatai, labda uwe unataka kurudishiwa mahari na kujulikana wilaya nzima. Yusufu akaishusha baiskeli polepole, akaisimamisha kwa stendi yake, akarudi nyuma.

Kwa bamwana hadi Kibuye

Alikataa kuniacha peke yangu, hilo aliapa. Alinifuata na gari kwa mwendo wa konokono, taa zote za hatari zikiwaka. Na mnajua watoto wa barabara ile wanaelewa nini wakiona baiskeli mbele na gari lenye taa za kumetameta nyuma yake. Safari hii hata sikuulizwa. Vijiji vilitoka. Mtu alinimwagia maji kichwani kwa nia njema. Mwanamume mmoja alikimbia kando yangu akipiga kelele kwamba niko wa kwanza, na kwa kweli sikumwona wa kumkanusha. Nyuma yangu mwanangu, mtu wa ofisi, alipungiwa mikono na kuombwa kofia za bure, zile zinazogawiwa na magari ya mashindano. Nilimwona kwenye kona amefunika uso kwa kiganja. Sikuwahi kufurahi hivyo tangu nipitishe mguu ndani ya fremu ya baba.

Kisha ukaja mlima wa mwisho, na kucheka kukaisha. Nilipanda mpaka mapaja yakakataa, nikashuka, nikaanza kusukuma. Hatua chache, napumzika. Hatua chache, napumzika. Nikasikia mlango wa gari. Zaina alihamia kwenye usukani, na Yusufu akaja akatembea kando yangu.

Viatu vyake vya Kigali vilikuwa vinateleza kwenye changarawe. Kila nilipoyumba mkono wake ulitoka, ukaja mpaka karibu kabisa na tandiko, ukasimama hapo hewani, ukarudi mfukoni. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba angeishika kidogo tu, kwa kidole, nisingemkemea. Alijua. Nilikuwa namsikia anavyopumua, na ilikuwa inamuuma zaidi yangu. Lakini mkono ulirudi mfukoni kila mara, mlima mzima, na mimi nikafikiri kwamba mtoto huyu nimemlisha, nimemsomesha, nimemwoza, na sijawahi kupendwa naye kama ninavyopendwa sasa hivi.

Juu kabisa ziwa likafunguka, na Kibuye chini yake na miti yake. Nikasimama. Yusufu alikuwa analia waziwazi, hakujifuta.

"Umefika, Maman," akasema.

"Bado," nikamwambia. "Kuna muteremuko."

Nikapanda, nikaachia breki, nikamwacha pale barabarani na mikono yake.